Mbwa Mweupe Aliyeandikishwa Mweusi

Jumanne, tarehe 2 Mei

Naanza leo. Daftari lilikuwa la marehemu mke wangu Edelmira, la mapishi. Alijaza kurasa tatu tu, zilizobaki kaniachia mimi. Shule niliacha darasa la tatu, nasema wazi, lakini mkono wangu hautetemeki. Miaka thelathini na moja niliendesha lifti ya kilima hiki, kile kibanda cha kupanda kwa reli, mpaka ilipofungwa; nimepandisha watu na kuwashusha, hajaanguka hata mmoja. Valparaíso nzima nani mwingine anaweza kusema hivyo?

Sababu ya kuandika: Zunilda.

Manispaa wamebandika tangazo mlangoni pa ukumbi wa kamati ya mtaa. Jumamosi ya tarehe 13 wanakuja kuwatia mbwa na paka chipu, kitu kidogo kama punje ya mchele, kinaingia chini ya ngozi. Na kuwaandikisha. Bure. Kila mnyama awe na mwenyewe mmoja, jina moja, kitambulisho kimoja. Nilikuwa nalisoma taratibu, herufi kubwa nazimudu vizuri sana. Akaja Bi Zunilda Arancibia, wa nyumba ya kijani ng'ambo ya ngazi, akalisoma lote kwa sauti, utadhani mimi kipofu. Halafu akasema vyema, atamwandikisha Algodón wake, yaani Pamba, yule mbwa mweupe.

Algodón gani? Yule ni Almirante, mkuu wa manowari! Mbwa wangu! Miaka mitano analala kizingitini kwangu, tangu wiki aliyozikwa Edelmira. Zunilda akasema kulala analala kwako, jirani, lakini kula anakula kwangu, na mbwa ni wa anayemlisha. Nikamwambia kwa hesabu hiyo mimi ni mali ya mwoka mikate. Akacheka. Alijua nimemshinda, ndiyo maana alicheka.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa Juni Zunilda anahamia mji wa Rancagua kwa mwanawe Gastón, magoti yake yamezichoka ngazi zetu. Huko wanaishi nyumba za geti, na mlinzi haruhusu mbwa asiye na karatasi yenye jina la mwenyewe. Akiipata karatasi, anaondoka na mbwa wangu. Asipoipata, mbwa anabaki. Ni hivyo tu. Nimeandika ili asije mtu akageuza.


Alhamisi, tarehe 4 Mei

Saini! Wazo langu mwenyewe, limenijia nikinyoa ndevu. Nikaandika: Sisi tuliotia saini tunamjua mbwa Almirante kuwa ni wa Hermógenes Tapia. Mstari huo umenichukua asubuhi nzima, lakini umekaa sawa kama reli. Nikapita nyumba kwa nyumba. Watu kumi na saba wametia saini! Sandalio wa bucha kaacha na alama ya damu pembeni, nikaona vizuri, inatia uzito. Nolberto, mwenyekiti wa kamati, katia saini kwa mbwembwe mpaka mkia wa jina lake ukafika ukingoni mwa karatasi.

Saa ya chai nikampungia Zunilda karatasi yangu kutoka dirishani. Akaingia ndani, akatoka na yake. Kumi na tisa. Walewale! Damu ya Sandalio imo. Mkia wa Nolberto umo.

Nikashuka kwa Nolberto nikimwaga moto. Akaniambia mzee wangu, mimi ni kiongozi wa wote, nitamnyimaje mwanamtaa saini? Na kwa kweli, akasema, kwake mbwa yule anaitwa Presidente, na kila Jumapili anapewa mbavu za kuchoma. Hata huyu! Nikamuuliza kama naye anataka kumwandikisha. Akatoa macho. Akasema hathubutu, ukiweka jina lako unabeba majukumu.

Majukumu! Mtu mwoga kabisa. Mimi nimeshika breki ya lifti miaka thelathini na moja.


Jumamosi, tarehe 6 Mei

Mbinu ya jina. Lazima daktari wa manispaa atamwita mbwa kwa jina aone kama anaitika. Hakuna aliyeniambia, nimeliwaza mwenyewe, lakini jambo la akili halihitaji kuambiwa. Basi jana nilishinda nikimfundisha kwa soseji. Nasema Almirante, anapata kipande. Mara ishirini. Mara ya ishirini na moja akanitazama hata sijafungua mdomo. Mbwa mwenye akili, kanifuata mimi.

Leo nikamwita Zunilda tushindane mbele ya watu. Mbwa katikati ya ngazi. Mimi juu na soseji, yeye chini na shingo ya kuku. Nolberto mwamuzi. Moja, mbili, tatu! Nikaita. Zunilda akaita. Nolberto naye, mnafiki, akaita Presidente kwa sauti ya chini, nilimsikia. Mbwa akatazama juu. Akatazama chini. Hata wanaoanika nguo wamesimama.

Ndipo gari la gesi likapita barabara ya chini, muuzaji anagonga mitungi yake kama kawaida. Mbwa akatoka mbio akilibwekea, akapotea kwenye kona.

Nolberto akatangaza mshindi ni gesi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Soseji nimeila mwenyewe.


Jumatano, tarehe 10 Mei

Baridi imeingia. Zunilda kamvisha mbwa fulana ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Miaka arobaini alishona sare za shule, mikono bado haijapumzika. Ubavuni ametarizi ALGODÓN, herufi kubwa, hata mimi nimelisoma papo hapo. Mbwa anatembea kilima kizima kama bango la uchaguzi!

Nilimvua. Akamvisha. Nikamvua. Akamvisha. Mara ya tatu mbwa alisimama katikati ya ngazi kanyanyua mguu mmoja, hajui ni wakati wa kuvaa au wa kuvua.

Zunilda akasimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. Akaniuliza kama nina ugomvi na sufu. Nikasema nina ugomvi na uongo. Akasema ametia na mfuko mdogo upande wa pili wa fulana, nikipenda niwe naweka soseji zangu humo. Dharau hiyo!

Sandalio wa bucha ananiambia nikubali tu, Jumamosi watu wote wataamka mapema na wote wanajua mbwa mweupe anamfuata Zunilda. Nikaenda nyumbani nikafikiri. Nikafikiri sana. Kisha nikaona. Wote watakuwa wanatazama mbwa MWEUPE.

Nina makopo mawili ya rangi ya viatu.


Ijumaa, tarehe 12 Mei

Saa nane mchana nikamwingiza mbwa ndani, nikakomea mlango. Fulana nikaivua, nikaikunja, mimi si mwizi, nikaitundika kwenye mlango wa Zunilda wakati yupo jikoni. Halafu kazi.

Niseme ukweli, alipenda. Hajawahi mtu kumpiga brashi namna ile. Alilala ubavu, akageuka mwenyewe nilipomaliza upande mmoja. Kopo la kwanza likaishia kiunoni. La pili likafika kwenye mkia. Ncha ya mkia imebaki nyeupe, lakini inapendeza, kama afisa. Anang'aa mpaka naona pua yangu kwenye mgongo wake.

Zunilda alikuwa nje na sufuria, anaita Algodón, Algodón, juu na chini ya ngazi. Mbwa akaanza kulia kwa puani. Nikakohoa kwa nguvu kumfunika. Nimekohoa mpaka kifua kimeuma. Mwishowe akagonga mlango wangu, akauliza kama ninaumwa, na kama nimemwona mbwa. Nikajibu kwa ndani kwamba sijamwona mbwa mweupe yeyote.

Si uongo huo! Nimeuandika hapa kama nilivyousema.


Jumamosi, tarehe 13 Mei

USHINDI.

Zunilda alikuwa wa kwanza kwenye foleni, lakini hana mbwa. Amesimama na fulana mkononi, anawapisha watu mmoja mmoja, anatazama ngazini. Nikapita mbele yake na mbwa wangu mweusi. Mbwa akamtikisia mkia. Zunilda akampapasa kichwa bila kumtazama, macho yake bado ngazini, akauliza huyu mgeni ni wa nani. Nikasema wa binamu yangu. Akasema ana macho mazuri. Alipoondoa mkono kiganja kilikuwa cheusi. Hakukiona.

Daktari wa mifugo ni binti mdogo, Millaray Huenchún, ana glavu na sauti ya upole. Kwanza akampitishia mashine ya kusomea shingoni, kuona kama ana chipu ya mtu mwingine. Kimya! Moyo wangu ukakaa. Akauliza jina. Nikasema Almirante Tapia. Akauliza rangi. Akatazama glavu zake. Akamnusa mbwa kidogo, akasema babu, mbwa huyu ananukia kama kiatu. Nikamwambia nyumbani kwangu usafi ni sheria. Akaandika: mweusi.

Sindano ikaingia. Mbwa hakulia. Nililia mimi kidogo, kwa niaba yake. Akapitisha mashine tena, ikaita: pii! Tarakimu kumi na tano, zote za mbwa wangu, na chini yake jina langu na kitambulisho changu. Nikatia saini mahali patatu.

Karatasi nimeitundika sebuleni, karibu na picha ya harusi. Edelmira anaitazama. Nadhani anajivuna.


Jumatatu, tarehe 15 Mei

Mvua tangu alfajiri. Mvua ya Mei, ya upande upande.

Nilimfungulia mbwa akajisaidie. Aliporudi alikuwa na mistari. Saa nne alikuwa wa kijivu. Saa sita alisimama chini ya mfereji wa paa la Zunilda, akajikung'uta, akawa mweupe kama sahani. Maji meusi yakashuka ngazi zote mpaka kwa Sandalio. Akatoka nje akauliza nani kafa.

Zunilda alikuwa dirishani. Nikangoja matusi. Nilikuwa nimeshatayarisha yangu, manne, mazuri. Hakutukana. Alinyanyua kiganja chake akakitazama, kisha akanitazama mimi. Akasema, polepole, hongera, Bwana Tapia.

Bwana Tapia! Miaka ishirini na sita ananiita jirani. Akafunga dirisha.

Sawa. Afunge. Karatasi ninayo mimi.


Jumatano, tarehe 17 Mei

Sielewi watu wa kilima hiki.

Asubuhi tarishi kaja kunionyesha suruali yake. Imechanika tangu Februari. Nikamuuliza mimi nimekuwa fundi cherehani? Akasema mbwa wako huyo. Sandalio kaja kunikumbusha soseji mita mbili zilizopotea Jumamosi ya Pasaka. Mke wa mchungaji kasema mbwa wako analala ndani ya ngoma ya kwaya na sasa ngoma inanuka. Mama wa nyumba ya manjano: mbwa wako kamzalisha mbwa wangu, watoto sita, wote weupe. Nikasema mbwa wangu kwenye karatasi ni mweusi. Akanibamizia mlango wangu mwenyewe.

Miaka mitano hakuna aliyelalamika! Mbwa alikuwa wa wote, akifanya jambo watu wanacheka, wanasema mbwa wetu huyo bwana. Leo kila alichofanya nimekifanya mimi.

Jioni Nolberto akaja na barua ya kamati. Malalamiko kumi na moja, kwa namba. Na kifungu cha sheria: mwenye mbwa amwangalie, amfunge kamba anapotoka, asimwache azurure. Nikamwambia Nolberto, wewe unampa mbavu kila Jumapili. Akasema alikuwa Presidente, mzee. Presidente alikuwa rafiki. Huyu ni mbwa wa mtu.

Nimemfunga kamba. Kamba nzuri, ya meli. Mbwa aliitazama, akanitazama mimi, kama anauliza nani kati yetu kafungwa.


Jumamosi, tarehe 20 Mei

Mbwa hali chakula.

Siku ya tatu. Nimempa soseji, kaigeuzia mgongo. Nimempa mkate wenye parachichi, ule ninaokula mwenyewe, na chumvi. Ameulalia. Anakaa uani, kamba imenyooka, pua kwenye tundu la uzio upande wa nyumba ya kijani.

Mara mbili nimeiacha kamba ilegee kwa bahati mbaya. Mara mbili amekwenda kwa Zunilda. Mara mbili Zunilda kamrudisha mwenyewe, anashika ukuta kwa ajili ya magoti. Hampi kitu. Anasimama mlangoni kwangu na kusema, kwa adabu inayokata kuliko kisu, mbwa wako ameingia kwangu, Bwana Tapia, sheria hairuhusu. Wala hatazami ndani.

Nikampeleka kwa daktari Millaray, yuko ukumbini Jumamosi hii kwa waliokosa wiki iliyopita. Akamtazama mbwa mweupe. Akapitisha mashine. Pii. Akasoma: mweusi. Akanitazama kwa muda mrefu sana. Nikasema ni uzee, hata mimi nimeota mvi. Binti akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akasema babu, maelezo ya uongo ni kosa, atarekebisha sasa hivi mbele yangu na nisirudie. Akaandika: mweupe. Nikatia saini tena.

Nikamuuliza anaumwa nini. Akampima kote. Hana ugonjwa, akasema. Alikuwa analishwa na majiko mangapi huyu? Nikahesabu kwa vidole. Akasema basi umemtia msiba wa nyumba zote hizo, babu.

Sijampenda daktari huyu. Ni mtoto, hajaendesha chochote.


Alhamisi, tarehe 25 Mei

Mbinu mpya, ya hali ya juu.

Kama mbwa anataka sauti ya Zunilda ndipo ale, atapewa sauti ya Zunilda. Nikafunga milango ya nyumba kwa ufunguo, mtu asiingie. Nikavaa aproni ya Edelmira, yenye maua, na kitambaa kichwani, kwa sababu mbwa hutazama pia. Nikashika sufuria. Nikasimama uani nikabana koo, nikaita kwa sauti nyembamba: Algodón! Algodooón, mwanangu, njoo ule!

Imeniuma kulitamka jina hilo. Lakini mbwa akanyanyua sikio! Nikaendelea. Nikatingisha kiuno kidogo, kwa sababu Zunilda hutingisha akiita. Algodooón!

Nikasikia kitu juu. Zunilda kwenye dirisha lake la pili, amejishika mdomo. Machozi yanamtoka. Nikadhani analia, nikataka kumwambia asilie, ndipo kicheko kikampasuka. Kicheko cha kilima kizima! Alicheka mpaka akatoweka dirishani, nadhani alikaa sakafuni. Nimesimama na aproni yangu. Nitakimbilia wapi, milango nimeifunga na ufunguo uko kwenye suruali, chini ya aproni na fundo limekaza.

Baadaye akaja kwa mlango wa uzio na bakuli la kazuela. Kuku, boga, mahindi, mchuzi wa kuona uso. Akamwekea mbwa. Mbwa akala mpaka bakuli likazunguka sakafuni. Akaniwekea na mimi. Nikala, kuhakikisha hakuna sumu. Nikahakikisha mara mbili.

Akasema anaondoka Jumamosi ya tarehe 3. Nikasema najua. Akasema nyumba ya Gastón haina ngazi hata moja. Nikasema nyumba bila ngazi ni sanduku. Akasema jirani, kiuno sikitingishi hivyo. Nikasema unakitingisha. Akasema kumbe ulikuwa unatazama.

Huwezi kujadiliana na mwanamke huyu, anapotosha kila kitu.


Jumamosi, tarehe 3 Juni

Lori lilifika saa tatu, chini, maana juu haliwezi. Vitu vyote vilishushwa kwa mikono. Mimi nilibeba cherehani. Gastón alitaka kunisaidia, nikamwambia kijana, nimeshusha watu milioni kwenye kilima hiki.

Walipomaliza, mbwa akaruka ndani ya lori. Kamba na vyote. Akalala kwenye godoro, katikati ya viti, kama abiria mwenye tiketi. Gastón akasema mama, huyu hatuwezi, hana karatasi yako. Watu wote wakanitazama mimi. Nolberto akaangalia viatu vyake.

Nilikuwa nayo karatasi. Nimeivua ukutani asubuhi, nikaitia mfukoni, nilikuja nayo ili mtu yeyote asijaribu. Nilikuwa nimeshinda, niliandika tangu mwanzo kwamba nitashinda.

Zunilda hakubishana. Alipanda lori mwenyewe, kwa magoti yale. Akamkumbatia mbwa shingoni, akamvua kamba yangu mahali ilipomkaba, akamwambia kitu sikioni. Kisha akajaribu kumnyanyua amshushe. Mbwa mzito. Hakuweza. Akajaribu tena. Akasema haya, baba, nenda kwa mwenyewe.

Daktari Millaray aliacha kwa Nolberto fomu za kuhamisha mnyama. Nolberto alikuwa nayo moja ndani ya koti, sijui kwa nini, mtu huyu ana fomu kila mahali. Nikamnyang'anya. Nikaiweka kwenye boneti ya lori, nikatia saini. Herufi zangu zilitoka vibaya kwa sababu boneti ilikuwa ya moto.

Nieleze hapa kwa nini, asije mtu akadhani vingine. Rancagua hewa yake ni kavu, na mbwa huyu angeweza kupata kikohozi cha unyevu wa pwani yetu. Hana, lakini angeweza. Basi. Sababu ni hiyo moja.

Zunilda alisoma fomu. Akaniita Herme. Hakuna aliyeniita hivyo tangu Edelmira. Nikamwambia magari hayapaki hapa siku nzima.

Nimepanda ngazi zote bila kupumzika. Mia moja na arobaini na mbili. Kizingiti ni kikubwa mno kikiwa kitupu, sikuwahi kukipima.


Jumapili, tarehe 11 Juni

Nilikuwa najua! Nilikuwa najua atanasa!

Leo Nolberto kaja mbio na simu yake, ni Zunilda kutoka Rancagua. Anasema mbwa anakula vizuri, mlinzi wa geti kamsalimu kwa jina. Lakini kila jioni, anasema, mbwa anakwenda kukaa getini, anatazama barabara inayotoka pwani. Anasema wako wawili wanaotazama. Nikamuuliza wa pili ni nani, mlinzi? Akacheka taratibu. Akasema ndiyo, Herme, mlinzi.

Kisha akasema Gastón ana chumba cha nyuma, hakina mtu, kina jua asubuhi. Kwamba niende nikamtazame mbwa. Nikasema siku tatu, si zaidi, mimi ni mtu wa shughuli. Akasema vizuri, siku tatu, lakini nibebe nguo za baridi zote. Na za joto pia. Na picha ya harusi, isije ikapata unyevu huku peke yake. Na mto wangu wa kulalia.

Nolberto alikuwa anatabasamu kama mjinga. Akaniambia mzee, hivi kweli huelewi? Nikamwambia naelewa kuliko wewe na kamati yako yote. Mto! Mto una harufu yangu! Mwanamke anataka kuuweka karibu na mbwa, mbwa azoee, aone kwake ni Rancagua, asahau kilima. Ujanja wa hali ya juu, nakiri, lakini amekutana na Hermógenes Tapia.

Basi la saa mbili asubuhi. Mto nimeufua mara mbili kwa sabuni ya kufulia, haunuki chochote. Siku ya nne nitakuwa hapa na mbwa wangu, na Zunilda atabaki anakodoa macho, hajui lililompata.